Kulanti Haichaguliwi kwa Rangi

Toyota Probox iliyotumika Japani ikishashushwa Dar es Salaam au Mombasa na kufika gereji kwa mara ya kwanza, kulanti yake huchaguliwa kwa macho. Fundi hufungua boneti, hutazama chupa ya akiba iliyo kando ya rejeta, na akiona wekundu huagiza nyekundu, akiona kijani huagiza kijani. Desturi hii imeenea kwa sababu ni ya haraka na kwa sababu inaonekana kuwa ya uangalifu: inafuata kilichokuwamo. Tatizo ni kwamba rangi ya kulanti ni rangi tu. Mtengenezaji huitia ili kimiminika kitambulike kinapovuja na kisidhaniwe kuwa maji ya kunywa, na hakuna kiwango cha kimataifa kinachomlazimisha atumie rangi fulani kwa kemia fulani. Anayetaka kujua gari lake linahitaji nini inabidi aanzie kwenye metali za injini na maelezo ya aliyeitengeneza, kisha amalizie kwenye lebo ya chupa dukani.

Ushahidi uko wazi ukilinganisha watengenezaji wenyewe. Kulanti nyekundu ya zamani ya Toyota ina fosfeti. Ile ya Volkswagen iitwayo G12, nayo nyekundu, haina fosfeti kabisa. Hutegemea tindikali za kikaboni peke yake. Kijani cha magari mengi ya zamani ya Marekani kilikuwa na silikati, wakati kijani kilichojazwa katika Nissan nyingi ni cha familia ya Kijapani isiyo na silikati. Honda hutumia buluu, General Motors ilileta ya chungwa katikati ya miaka ya 1990, na Toyota yenyewe ilihama kutoka nyekundu kwenda waridi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Volkswagen ilionya wamiliki wasichanganye G12 na mtangulizi wake wa buluu-kijani, G11, kwa sababu mchanganyiko huo hugeuka tope la kahawia. Baadaye ikatoa G12+ ya zambarau iliyoundwa ivumilie kuchanganywa. Ikiwa kampuni moja imelazimika kutoa onyo la namna hiyo kuhusu bidhaa zake mbili, chupa mbili za kampuni tofauti zinazofanana rangi haziwezi kuaminiwa kwa kufanana huko tu.

Tofauti hizi hazikutokea kwa bahati mbaya. Kimiminika chenyewe, yaani ethilini glikoli na maji, karibu ni kilekile kila mahali. Kinachotofautiana ni viungo vya kuzuia kutu. Silikati hufanya kazi haraka kwa kufunika metali yote kwa utando mwembamba, lakini huisha mapema, ndiyo maana kulanti za kizamani zilibadilishwa kila miaka miwili hivi. Tindikali za kikaboni hufanya kazi pale tu kutu inapoanza kuuma, kwa hiyo hutumika polepole na hudumu miaka mingi, ila huchelewa kuulinda uso mpya wa alumini. Wajapani waliziogopa silikati kwa kuwa zinaweza kuganda na kukwaruza sili za pampu ya maji, wakachagua fosfeti kuwa mlinzi wa haraka wa alumini na kuziongezea tindikali za kikaboni kwa ulinzi wa muda mrefu. Watengenezaji wengi wa Ulaya walikwenda njia nyingine, kwa kuwa maji ya sehemu kubwa ya bara lao ni magumu, na fosfeti ikikutana na kalsiamu na magnesiamu hufanya ukoko unaoziba njia nyembamba za rejeta. Pande zote mbili zilikuwa na sababu nzuri, kila upande kwa maji yake na pampu zake. Mwenye gari la Kijapani Afrika Mashariki amerithi uamuzi wa Wajapani pamoja na sharti lake: kulanti yenye fosfeti inataka maji yasiyo na chumvichumvi.

Kuliko hoja yoyote, maelezo ya Toyota yenyewe yanathibitisha kuwa rangi si kigezo. Vitabu vya mwongozo vya magari yake yaliyouzwa nje kwa Kiingereza huelekeza kutumia kulanti ya kampuni ya maisha marefu, au nyingine yenye ubora unaolingana ambayo msingi wake ni ethilini glikoli, haina silikati, haina amini, haina nitriti wala borati, na ina teknolojia mseto ya tindikali za kikaboni. Katika sharti hilo rangi haihesabiwi hata kidogo, na hata jina la kampuni si lazima. Huo ndio utambulisho wa kulanti ya Probox, na anayeushika mkononi anaweza kusimama mbele ya rafu yoyote na kusoma lebo ya nyuma ya chupa badala ya kutazama kilichomo kupitia plastiki.

Kazi ya utambuzi basi inaanza kwenye bamba la chasisi, ambapo msimbo wa modeli na wa injini vimeandikwa kwa herufi na namba zinazosomeka hata kama kitabu cha gari ni cha Kijapani. Probox ilianza kuuzwa mwaka 2002, na nyingi zinazofika huku zina injini ya 1NZ-FE, ambayo bloku na silinda hedi yake vyote ni alumini. Hilo peke yake linaondoa kulanti zenye borati, ambazo huishambulia alumini yenye joto kali. Kilichomo ndani huja baada ya hapo, na hapo rangi ina faida moja tu: inaeleza hali. Kimiminika cha kahawia kinasema kuna kutu au kemia mbili zimegongana. Mafuta yanayoelea yanasema gasketi ya hedi ichunguzwe. Kipimo cha kuona kiwango cha glikoli ni kizuri, lakini kinapima glikoli tu. Kulanti iliyochoka inaweza kusomeka vizuri kabisa kwenye kipimo hicho wakati viungo vyake vya kuzuia kutu vimekwisha na glikoli yenyewe imeanza kuoza na kuwa tindikali. Gari ambalo historia yake haijulikani, na karibu kila gari la mtumba liko hivyo, lihesabiwe kuwa na kulanti isiyojulikana hata kama ni ya waridi safi.

Pingamizi la kwanza husema kwamba huku hakuna barafu, kwa hiyo maji matupu yanatosha. Sehemu ya hoja hiyo ni ya kweli na isipuuzwe. Maji hubeba joto vizuri kuliko glikoli, na kifuniko cha rejeta kinachoshika shinikizo la takriban bar 1.1 huyafanya yachemke karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Hata Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi na ambako sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94, mfumo uliofungwa vizuri bado una nafasi. Lakini hoja hii inajibu swali la kuchemka na kuacha swali la kutu. Maji matupu hayana kinachoilinda alumini, na rejeta ya kisasa ina kuta nyembamba mno. Kutia kulanti kidogo ili maji yapate rangi hakusaidii pia: viungo vya ulinzi hupimwa kwa kudhani kuwa glikoli itakuwa karibu nusu ya mchanganyiko, na ikiwa sehemu moja ya kumi tu, ulinzi nao unakuwa mchache kwa kiasi hichohicho.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kulanti halisi ya kampuni ni ghali, na madukani zipo zinazojitangaza kuwa za magari yote. Juu ya bei nakubaliana na mlalamikaji, na sentensi ya Toyota niliyoieleza inamruhusu anunue ya bei nafuu inayotimiza masharti. Chupa inayotaja viwango kama JIS K 2234 cha Japani au ASTM D3306 cha Marekani, na kueleza wazi kuwa ina fosfeti bila silikati wala borati, inastahili kufikiriwa. Ile isemayo "magari yote" bila kutaja kiambato hata kimoja haijampa mnunuzi chochote cha kupima, na unafuu wake ni wa kubahatisha.

Ukishachagua, kosa kubwa linalobaki ni la hesabu. Mfumo wa Probox hubeba lita 5 hivi, na rejeta ikifunguliwa chini, sehemu ya maji hubaki ndani ya bloku. Chukulia umeusuuza kwa maji mara kadhaa hadi yakatoka safi, na lita 2 zimebaki. Ukijaza lita 3 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, injini itapata glikoli lita moja na nusu katika lita 5, yaani asilimia 30. Dawa ni kufungua pia kizibo cha bloku, au kutumia kulanti nzito isiyochanganywa: lita 2.5 za hiyo na nusu lita ya maji hurudisha asilimia 50. Maji ya kusuuzia mara ya mwisho na ya kuchanganyia yawe yaliyotoneshwa au yaliyoondolewa madini. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hutoboa alumini. Maji ya betri yanafaa endapo lebo inathibitisha ni maji, kwani maduka hayohayo huuza pia tindikali ya betri.

Malori ni habari nyingine. Injini nyingi kubwa za dizeli zina silinda zinazoguswa moja kwa moja na kulanti. Mtetemo wa silinda hizo huzaa mapovu yanayotafuna chuma, na kulanti nyingi za malori hutiwa nitriti kwa sababu hiyo hasa. Kwa hiyo pipa lililonunuliwa kwa ajili ya lori lisitumike kujazia Probox, kwani maelezo ya Toyota yanaikataa nitriti.

Swali la mwisho huja njiani, kiwango kikiwa kimeshuka kwa nusu lita na duka la karibu lina chupa moja ya rangi ileile isiyo na maelezo. Subiri injini ipoe, usifungue kifuniko cha moto, kisha jaza maji yaliyotoneshwa. Nusu lita ya maji katika lita 5 hushusha mchanganyiko kutoka asilimia 50 hadi 45, jambo ambalo fundi atalirekebisha kwa dakika chache baada ya kutafuta panapovuja. Nusu lita ya kemia usiyoijua hairekebishiki bila kumwaga zote.