Kitambaa Kinachoikaba Nguzo

Nguzo ya zege ikizidiwa na mzigo hutanuka ubavuni. Zege la ndani husukuma nje, tabaka la juu hubanduka, na nondo za wima, zikikosa cha kuzishikilia, hupinda. Hivyo ndivyo zilivyovunjika nguzo za madaraja ya California katika tetemeko la San Fernando, Februari 1971. Rinki zake, yaani pete zinazozifunga nondo za wima, zilikuwa za nondo za milimita 12 hivi, zikiachana sentimita 30, nguzo iwe nyembamba au nene.

Tiba ya kwanza ilikuwa kuzivisha ganda la chuma, kazi ya winchi na kuchomelea. Miaka ya 1990, Frieder Seible na Nigel Priestley wa chuo kikuu cha California huko San Diego walijaribu kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichogandishwa kwa epoksi. Nguzo zilizovishwa zilisukumwa huku na huku kupita kiwango kilichozivunja zile zilizo wazi.

Kinachosahaulika ni kwamba kitambaa hiki hakibebi mzigo wa juu. Nyuzi hulala mlalo, na hazifanyi kazi mpaka zege lianze kutanuka. Chukua nguzo ya duara ya milimita 400, matabaka mawili ya kaboni ya milimita 0.167 kila moja. Nyuzi zikivutika kwa asilimia 0.6, zinaikaba nguzo kwa megapaskali 2.3, na zege la megapaskali 20 linafika kama 27. Kipenyo kikiongezeka maradufu, mkabo unabaki nusu.

Nguzo za majengo yetu mengi, hata hivyo, ni za mraba, na hapo ndipo kazi huharibika. Kitambaa hukaba kwenye pembe tu. Bapa la kati hubaki huru kutanuka, na pembe kali hukata nyuzi. Mwongozo wa Marekani unataka pembe isagwe iwe duara la milimita 13 angalau. Mimi ningeomba zaidi ya hapo, na ningelipia saa za kusaga kabla ya kununua tabaka la tatu.

Nondo zenye kutu zitibiwe kwanza, maana kutu huendelea kuvimba chini ya kitambaa bila kuonekana. Epoksi nayo hulegea kwenye nyuzijoto 60 hadi 80, hivyo moto wa chumba kimoja unatosha kuiondolea nguvu. Kwa hiyo nguzo ihesabiwe upya kana kwamba haikuvishwa, na bado iweze kubeba uzito wa jengo na watu waliomo.