Elektroni 260 za Udongo

Masika yakikolea, Ruvu hubadilika rangi. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru hufika Mlandizi yakiwa mazito na ya kahawia, na hapo mtambo wa Ruvu Juu huyachota. Mbele zaidi, kabla mto haujaingia baharini karibu na Bagamoyo, mtambo wa Ruvu Chini huyachota tena. Mitambo hiyo miwili imejengewa uwezo wa kutoa lita milioni 466 kwa siku, na sehemu kubwa ya Dar es Salaam inakunywa kutoka humo. Mchanga si taabu, kwani maji yakitulia unazama. Taabu ni udongo mfinyanzi, chembe ambazo upana wake haufiki sehemu mbili za elfu moja za milimita, nazo huweza kuelea kwa siku nyingi. Uso wa chembe hizo una chaji hasi, na vyenye chaji moja husukumana. Basi hazishikani, hazipati uzito, hazizami. Bibi zetu walitia shabu mtungini, au mbegu za mlonge zilizopondwa. Katika mitambo ya kusafisha maji kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na chumvi za alumini: kuipoza chaji ili chembe zikutane na kuzama pamoja.

Chaji hiyo inatoka wapi? Wapo wanafizikia ambao maisha yao yote ya kazi ni kujibu maswali ya namna hii bila kushika tope. Wanakokotoa elektroni. Huingiza kwenye kompyuta mpangilio wa atomu za kitu, kisha hutafuta kwa hesabu ugumu wake, rangi yake, namna kinavyoshika maji au kupitisha umeme. Nausifu ufundi huu kwa moyo wote, na ndani yake nasifu zaidi jambo moja lisilotajwa mara nyingi: uwezo wa kuamua nini kiachwe nje ya hesabu, na kusimama mbele za watu kutetea ulichokiacha.

Mfano uko karibu. Upande wa Kisarawe, vilima vya Pugu vina akiba kubwa ya kaolini, udongo mweupe unaofaa kwa vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Madini yake makuu ni kaolinaiti, ambayo hupatikana sana katika udongo wa nchi zenye joto na mvua nyingi. Umbo lake dogo linalojirudia ndani ya fuwele lina atomu 34: alumini 4, silikoni 4, oksijeni 18 na hidrojeni 8. Ukijumlisha elektroni zake zote unapata 260. Mlinganyo unaozitawala aliuandika Erwin Schrödinger mwaka 1926, na kwa nadharia kila kitu kimo humo. Shida ni ukubwa. Kila elektroni inahitaji namba tatu kueleza mahali ilipo, hivyo jumla ni namba 780. Ukiruhusu kila namba iwe na thamani 10 tu, jedwali la majibu litakuwa na nafasi zinazoandikwa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 780. Atomu zote za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kwa 1 yenye sifuri kama 80. Hakuna kompyuta itakayojengwa kulihifadhi jedwali hilo, na hapa nazungumzia kipande cha udongo kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida.

Aliyefungua njia ni Walter Kohn, mzaliwa wa Vienna aliyeokolewa na kupelekwa Uingereza mwaka 1939 akiwa kijana, na ambaye wazazi wake waliuawa baadaye na Wanazi. Mwaka 1964 yeye na Pierre Hohenberg walithibitisha kwamba kwa kitu kilichotulia katika nishati yake ya chini kabisa, huhitaji kufuatilia kila elektroni. Inatosha kujua msongamano wao, yaani elektroni ni nyingi au chache kiasi gani katika kila nukta. Namba 780 zikawa tatu. Mwaka uliofuata, pamoja na Lu Jeu Sham, akaonyesha namna ya kuitumia hoja hiyo kukokotoa. Mwaka 1998 Kohn, mwanafizikia, akapewa Tuzo ya Nobel, tena ya kemia.

Lakini nadharia hiyo ina kipande kimoja ambacho hadi leo hakuna anayekijua kwa ukamilifu: ule mchango wa elektroni kukwepana na kupishana. Lazima kikadiriwe, na makadirio ni mengi. Hapo ndipo hesabu inapogeuka ufundi.

Mwanagenzi wa kazi hii karibu kila mahali huanza na silikoni, maada ya paneli za sola. Anaambiwa atafute umbali ambao kila baada yake mpangilio wa atomu zake hujirudia. Jibu la maabara linajulikana, nanomita 0.543. Makadirio ya zamani humpa namba ndogo kidogo. Yale yaliyochapishwa mwaka 1996, yanayotumika mno hadi sasa, humpa kama 0.547. Kisha anaulizwa pengo la nishati, lile linaloamua mwanga gani silikoni itaumeza. Maabara inasema elektronivolti 1.1, kompyuta yake inasema kama 0.6. Kompyuta hailalamiki, inatoa jibu lenye tarakimu nane baada ya nukta, safi, na karibu nusu ya ukweli haimo. Anayejifunza somo hilo mapema amejifunza jambo kubwa kuliko programu yoyote: kila kifaa kina upande kinaopotoka, na fundi ni yule anayeujua upande huo kabla hajaulizwa.

Halafu kuna upimaji wa uthabiti, kazi ya kuchosha isiyopewa hata ukurasa mmoja katika makala nyingi. Unaongeza wingi wa mawimbi yanayouchora msongamano, unakokotoa upya; unaongeza tena, unakokotoa tena, mpaka nishati iache kuyumba. Fundi mwashi hufanya vivyo hivyo anapoigeuza pima maji yake, ncha ya kulia ikawa ya kushoto, kuona kama povu litabaki palepale. Mwanafizikia anayeruka hatua hiyo anaweza kuchapisha, na mimi simwiti fundi.

Kaolinaiti humjaribu mtu vikali. Hidrojeni zake hazionekani vizuri kwa eksirei, kwa kuwa kila moja ina elektroni moja tu, na wataalamu walibishana miaka mingi kuhusu zinaelekea wapi. Vipimo vya nyutroni kwenye baridi kali vilisaidia kulimaliza suala hilo, na hesabu za elektroni zikaleta ushahidi wao. Tena tabaka za madini haya zimeshikana, kwa sehemu, kwa nguvu dhaifu ambazo makadirio yale ya 1996 huziacha nje. Asiyelijua hilo atapata tabaka zilizoachana kupita kiasi, na kila atakachosema kuhusu maji yanayogusa udongo kitakuwa na kasoro hiyo.

Katika ukanda wetu kazi hii ina watu na ina mahali. Wanafizikia wa Kenya George Amolo na Nicholas Makau walijenga kundi la watafiti huko Eldoret, na mwaka 2012 mji huo ulipokea shule ya Afrika ya ukokotoaji wa elektroni, iliyofanyika mara ya kwanza Cape Town mwaka 2010. Walioisukuma ni Richard Martin wa Marekani, Nithaya Chetty wa Afrika Kusini na Sandro Scandolo wa kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kile alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964. Mwaka 2018 kituo hicho kilipata mshirika Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Kijana aliyemaliza kidato cha sita Kibaha, shule iliyolea wanasayansi tangu miaka ya 1960, hahitaji tena kuwaza kwamba fizikia ya namna hii iko ng'ambo tu. Programu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure. Kompyuta mpakato inatosha kwa silikoni, na umeme ukikatika, programu iliyopangwa vyema huendelea kutoka ilipoishia.

Kinachobaki kuwa adimu ni swali zuri, na maswali mazuri yamelala chini ya miguu yetu. Kaolini ikichomwa kwa nyuzi kama 700 hupoteza haidroksili zake, yaani jozi za oksijeni na hidrojeni, na kugeuka unga unaoweza kuchukua nafasi ya sehemu ya klinka, kiungo kikuu cha saruji. Klinka yenyewe hutaka nyuzi kama 1450, na mawe yake ya chokaa hutoa kaboni dayoksaidi yanapoungua. Haidroksili ipi hutoka kwanza, na atomu za alumini hujipangaje baada ya hapo? Hayo yanakokotoleka.

Na chaji ya tope la Ruvu? Sehemu yake huzaliwa ndani ya fuwele, pale alumini inapokalia kiti cha silikoni na kubaki na upungufu wa chaji chanya. Sehemu nyingine iko kwenye kingo, ambako haidroksili hupoteza au kupokea protoni kulingana na uchachu wa maji. Kingo ndizo ngumu. Huwezi kuzikokotoa kwa atomu 34. Unahitaji kipande chenye ukingo na maji ya kutosha kando yake, tuseme atomu 340. Kwa njia ya kawaida gharama hupanda kwa mchemraba wa idadi ya atomu, hivyo mara 10 za atomu ni mara 1,000 za kazi, na molekuli za maji hazitulii: lazima zifuatwe zikitembea, hatua kwa hatua, maelfu ya hatua. Hiyo ni tasnifu nzima ya uzamivu, pengine miaka minne ya mtu makini mwenye nafasi kwenye kompyuta kubwa ya mbali. Natamani aianze mtu aliyekua akinywa maji hayo.