Imani ya Joshua na Imani ya Muthoni katika The River Between

Wahakiki wa The River Between, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyochapishwa mwaka 1965, aghalabu humchukulia Joshua kuwa kielelezo cha Mkristo aliyejitoa mzima, na bintiye, Muthoni, kuwa mtu aliyegawanyika kati ya kanisa na kabila. Tunaonelea kwamba matini yenyewe haiuhimili mgawo huo.

Ni kweli kwamba msimulizi anatuambia imani mpya ilimtawala Joshua kabisa. Lakini kutawaliwa na kuamini kwa moyo wote ni mambo mawili. Joshua alikimbilia Siriana akiwa kijana mwenye hofu, akichelea ghadhabu ya milima na ya marafiki aliowasaliti, na hofu hiyo haimtoki. Tazama sala yake kuhusu mkewe, Miriamu, aliyetahiriwa kabla ya kuingia dini: anajitetea mbele ya Mungu kwamba kosa si lake. Hiyo ni sala ya mshtakiwa, si ya mwana.

Kiswahili kinatufaa hapa kuliko Kiingereza cha riwaya. Imani kwetu ni itikadi na ni huruma pia. Tunaposema fulani hana imani, hatumaanishi kwamba haendi kanisani. Joshua anapopata habari za kifo cha Muthoni haonyeshi uchungu wowote. Kwake, binti huyo alikwisha kutoweka siku alipokaidi. Tunaye basi mhusika mwenye imani tele ambaye hana imani.

Muthoni, kwa upande wake, hamkani Kristo popote. Kando ya mto Honia anamuuliza Nyambura iwapo wazazi wao, waliotahiriwa wote wawili, si Wakristo. Swali hili, ambalo wahakiki hulipita upesi, ni la kiteolojia hasa: ikiwa neema iliwapokea wazazi na makovu yao, kwa nini imkatae mtoto? Nyambura hana jibu la kuridhisha, na Joshua hapewi nafasi ya kulisikia. Akikaribia kufa, Muthoni anasema anamwona Yesu.

Hata hivyo, tusimtukuze kwa pupa. Kinachomwua ni jeraha la tohara ile, ambayo leo twaiita ukeketaji na ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaiharamisha. Anayesifu uamuzi wake kuwa upatanisho wa tamaduni mbili anauruka mwili wake. Ngũgĩ naye hasalimiki na lawama hii, kwani baada ya mazishi Muthoni anageuka ishara ya kugombaniwa na Makuyu na Kameno, na maumivu yake hayasikiki tena. Tunachoweza kumtetea nacho ni kidogo zaidi: hakuukata moyo wake vipande ili apate kibali cha baba.

Nyambura ndiye anayelirithi swali lile. Anapomshika Waiyaki mkono nyumbani mwa Joshua, baba anamkana binti wa pili kama alivyomkana wa kwanza.