Mtazame Kipa Kabla ya Shuti

Mashabiki wa soka tuna ugonjwa wa zamani: tunampima kipa kwa kuruka. Akinyooka hewani akaupangua mpira juu ya mtambaa panya, kibanda umiza kizima kinasimama. Shuti lilelile mwenzake akilidaka kifuani, miguu yote miwili chini, hakuna anayeiacha hata soda yake. Na mara nyingi huyo wa pili ndiye kipa bora. Wa kwanza aliruka kwa kuwa mpira ulimkuta pasipo. Wa pili hakuwa na haja, alishafika.

Asiye na muda wa kusoma zaidi achukue hili moja aende zake: kipa haangaliwi mpira unapofika golini, anaangaliwa kabla haujapigwa. Kwenye televisheni kazi hiyo ni ngumu, kwani kamera hufuata mpira na kipa hutokea kwenye picha akiwa tayari hewani. Ndiyo maana tiketi ya mzunguko nyuma ya goli, ile inayodharauliwa na watu wa VIP, ndiyo bora kwa mtu anayetaka kujifunza. Pale unamwona kipa dakika zote 90, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja.

Penalti nazimaliza mapema, maana ndizo zinazotupotosha kuliko kitu kingine chochote. Februari 3, 2024, robo fainali ya AFCON kule Côte d'Ivoire, Ronwen Williams wa Afrika Kusini alipangua penalti nne za Cape Verde baada ya sare ya 0-0, na timu yake ikapita kwa 2-1. Afrika nzima ikamwimba, na alistahili. Siku nne baadaye kipa yuleyule alikuwa golini Afrika Kusini ilipotolewa na Nigeria kwa penalti 4-2, safari hii shujaa akiwa Stanley Nwabali. Je, kiwango cha Williams kilishuka ndani ya siku nne? Hata kidogo. Penalti iliyopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa inazimaliza mita 11 kwa takribani sehemu nne za kumi za sekunde. Kipa anasoma nyonga ya mpigaji, anakumbuka aliyoandikiwa kwenye chupa ya maji, halafu anachagua upande. Ufundi umo, lakini bahati imo pia, na wapigaji wabovu nao wamo. Ukitaka kumjua Williams, katika mechi ileile ya Cape Verde rudi kwenye dakika za lala salama, uone mkono wake ulivyousukuma mpira wa Gilson ukagonga mwamba. Pale hapakuwa na kuchagua upande. Alikuwa amesimama mahali sahihi.

Wazee wa Msimbazi watanitajia Juma Kaseja na Cairo ya mwaka 2003, Simba ilipowatoa mabingwa watetezi Zamalek kwa penalti. Vijana wao watanitajia Moussa Camara na Al Masry, Aprili 2025 pale Mkapa. Nawakubalia furaha yao yote. Ila mechi ya Al Masry ilifika kwenye penalti kwa sababu Simba, iliyofungwa 2-0 Misri, ilishinda 2-0 nyumbani, na siku hiyo bao moja tu la ugenini kwa Al Masry lingeiharibu hesabu nzima. Kipa aliyelinda lango kwa dakika hizo 90 alifanya kazi kubwa kuliko aliyeifanya kwenye penalti, ingawa ni yeye huyohuyo.

Sasa tuje kwenye kusimama, maana hapa ndipo penye elimu yenyewe. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Hakuna binadamu anayeijaza nafasi hiyo. Lakini mshambuliaji akiwa mita 11 kutoka golini, katikati kabisa, na kipa akasogea mbele mita nne, upana anaopaswa kuulinda unapungua hadi kama mita 4.7. Hajaruka wala hajafanya lolote la kushangiliwa, na tayari amemnyang'anya mpigaji zaidi ya theluthi moja ya goli. Kipa mzuri anazijua mita hizo bila kugeuka kutazama nguzo. Ukiona kipa anageuza shingo kila mara kutafuta mwamba wake uko wapi, ujue bado hajawa mwenyeji ndani ya kumi na nane.

Tazama pia miguu yake mpigaji anapoinua guu. Kipa aliyeiva husimama wakati huo: miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele. Anaweza kuwa amesogea mita mbili tu badala ya nne alizozitaka, lakini ametulia. Kipa mbichi anapigiwa shuti akiwa bado anakimbia, na mtu anayekimbia hawezi kubadili upande. Mabao mengi yanayoitwa makombora yasiyozuilika, ukiyarudia taratibu, utakuta kipa ana mguu mmoja hewani.

Kusogea mbele kuna gharama yake. Fainali ya CHAN ilipochezwa Kasarani, Agosti 30, 2025, Morocco na Madagascar walikuwa 2-2 Oussama Lamlaoui alipomwona kipa ametoka golini, akaupiga mpira kutoka mbali, kama mita 40, ukapita juu ya kichwa cha kipa hadi wavuni. Ikawa 3-2 na kombe likaenda. Watu wengi walimlaumu kipa. Mimi lawama yangu ni ndogo: kipa asiyefungwa hivyo maishani ni yule asiyetoka golini kabisa, na huyo anafungwa mabao mengine kumi ya kawaida ambayo hakuna anayeyakumbuka. Swali la kumwuliza aliyefungwa kwa mpira wa juu halihusu kwa nini alitoka. Linahusu kama alianza kurudi mapema mpira ulipopotea katikati ya uwanja.

Lamlaoui, kwa kumbukumbu tu, ndiye aliyekuwa ameitoa Taifa Stars kwenye robo fainali wiki moja na ushee kabla, kwa bao pekee la mchezo pale Mkapa. Tusiendelee na hilo.

Mikono ina shule yake. Mpira unaodakika udakwe. Kipa anayepangua kila kitu, hata shuti dhaifu la mita 25, ama haziamini glavu zake ama anaipenda sana kamera. Usiodakika upelekwe pembeni, au juu, au nje. Ukitemwa katikati, mita tano mbele ya goli, ni pasi kwa adui hata kama beki ataubutua kwa bahati. Kwa hiyo kipa akiokoa, usishangilie mara moja. Fuata mpira uone umeangukia wapi, ndipo umpe alama. Kwa mashuti ya chini angalia kama mwili uko nyuma ya mikono, hasa uwanja ukiwa umelowa, maana mpira unaoteleza ukiponyoka vidole unapaswa kukutana na kifua, siyo nyavu.

Krosi ndizo zinazowaumbua. Mpira wa kona ukija, kipa ana uamuzi wa aina mbili tu: kwenda au kubaki. Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi. Kosa ni ile hatua moja na nusu mbele halafu kusita, akabaki amesimama mahali ambapo hawezi kuufikia mpira wala kulilinda goli. Msomaji akitaka kipimo kimoja cha haraka cha kipa asiyemjua, asubiri kona tatu. Anayekwenda na akafika huudaka mpira ukiwa juu kabisa, goti moja limeinuliwa kujikinga. Akiwa kwenye msongamano hutumia ngumi mbili, na mpira unatoka nje ya boksi. Ngumi moja hubadili tu mwelekeo, na mara nyingi mwelekeo huo mpya ni kichwa cha mshambuliaji.

Hapa utasikia hoja ya urefu. Ni kweli urefu unasaidia, lakini Kaseja hakuwa mrefu na aliitwa Tanzania One, na Djigui Diarra wa Yanga naye si mrefu kwa kipimo cha makipa wa leo. Wote wawili walifidia kwa kuanza safari mapema.

Ana kwa ana nitatoa mfano mmoja, nao kila mtu ameuona. Fainali ya Kombe la Dunia 2022, Argentina 3-3 Ufaransa, muda wa nyongeza unakata roho, Randal Kolo Muani amebaki peke yake na Emiliano Martínez. Dunia inaukumbuka mguu wa kushoto uliozuia. Irudie picha uangalie kilichotangulia: Martínez hakulala. Alitoka, akapunguza nafasi, akasimama, akajitanua mwili wote, akamwachia Kolo Muani aamue kwanza. Kipa anayelala mapema anamrahisishia mshambuliaji kazi, kwani kinachobaki ni kuuinua mpira. Mshambuliaji anaogopa kipa aliyesimama.

Miguu imekuwa mjadala wa zama hizi. Tangu sheria ya mwaka 1992 iliyomkataza kipa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake, na hasa tangu 2019 goal kick iliporuhusiwa kupokelewa ndani ya boksi, kipa amekuwa mchezaji wa kwanza wa shambulizi. Gianluigi Donnarumma aliivusha PSG kwa penalti pale Anfield, akabeba Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa kuifunga Inter 5-0 Mei 31, 2025, na kiangazi hichohicho kocha Luis Enrique akataka kipa wa aina nyingine. Donnarumma akaenda Manchester City. Mimi naona PSG walizidisha. Kipa anaajiriwa kwanza kuzuia mabao, na pasi nzuri ni nyongeza. Lakini nyongeza hiyo ipimwe vizuri: usihesabu pasi fupi kwa beki wa kati asiye na mtu, hizo hata mwamuzi angepiga. Angalia akibanwa na mshambuliaji anafanya nini, na kama pasi yake inampa beki mpira pamoja na muda, au inampa mpira pamoja na matatizo. Kuna pia kanuni mpya iliyoanza msimu wa 2025/26: kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Wale waliozoea kuukumbatia mpira na kulala nao timu ikiongoza, sasa itabidi wajue kuanzisha mchezo.

Mdomo hauonekani kwenye luninga, na ndiyo sababu ya pili ya kwenda uwanjani. Kipa anaona uwanja wote mbele yake. Asiposema, mabeki wanacheza nusu vipofu. Kenya ilipoifunga Morocco 1-0 kwenye CHAN, Agosti 10, 2025, Harambee Stars walicheza kipindi chote cha pili wakiwa 10. Safu iliyopungukiwa mtu haipangiki yenyewe dakika 45. Mechi za namna hiyo zitazame ukiwa umemwelekezea macho kipa, uone anavyonyoosha mkono, anavyomwita beki kwa jina, anavyomsogeza kiungo hatua mbili kabla krosi haijapigwa. Shuti lisilopigwa kwa sababu beki alisogezwa kwa sauti haliingii kwenye takwimu za mtu yeyote.

Ndiyo maana orodha ya mechi ambazo kipa hakufungwa inanishawishi kidogo sana. Timu inayomiliki mpira kwa asilimia 70 kwenye ligi humpa kipa wake mashuti mawili kwa mchezo. Ugumu hapo ni kukaa macho: dakika 60 bila kazi, kisha shuti moja. Kipa wa timu ndogo anayeokoa mara nane na kufungwa mawili anaweza kuwa bora, au anaweza kuwa anasimama vibaya na kujitafutia kazi. Namba hazitakuambia ni yupi.

Mechi ninazozirudia mimi ni mbili za robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns. Dar es Salaam 0-0, Pretoria 0-0, kisha Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Watanzania tunakumbuka shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na ubishi kama mpira ulivuka mstari, na ubishi huo hautaisha leo. Kilichosahaulika ni dakika 180 za makipa wawili, Diarra upande mmoja na Williams upande mwingine, bila bao hata moja. Zitafute, uzitazame ukiwa umeufumbia macho mpira kadiri unavyoweza. Utaona wanavyosogea na safu zao, wanavyopunguza mapengo nyuma ya mabeki, wanavyoukataa mchezo wa haraka timu ikihitaji kupumua.

Na kwa kuwa mwongozo bila hukumu ni maneno matupu, yangu ni hii: katika makipa waliocheza ligi yetu tangu Diarra atue Jangwani mwaka 2021, hakuna aliyemzidi, na hata mataji manne ya ligi mfululizo ambayo Yanga ilitwaa kuanzia msimu wa 2021/22 siyo sababu yangu kuu. Sababu yangu ni kwamba huruka mara chache. Mwana Simba anayebisha aje na kona tatu, tuzitazame pamoja.