Taa ya Gereji Inayokataa Kuzimika

Malalamiko ni yale yale kila mtaa. Tyubu ya zamani imetolewa, ya LED imefungwa, mwanga ni mweupe na bili imeanza kupungua, lakini usiku ukizima swichi taa haizimiki kabisa. Inabaki na mng'ao hafifu kama kaa lililofunikwa majivu, au inapepesa mara moja, inanyamaza, kisha inapepesa tena. Mwenye nyumba anarudi dukani kugombana na muuzaji, anapewa tyubu nyingine, na hiyo nayo inafanya vile vile. Katika hali nyingi muuzaji hana kosa, na tyubu haina kosa.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanyika kwenye gereji ya nyumba moja Tanga. Nimeichagua kwa sababu hitilafu tatu zilikutana mahali pamoja, na fundi aliyeitwa alizitenganisha kwa utaratibu ambao natamani kuuona kwa mafundi wengi zaidi. Gereji yenyewe iliongezwa ubavuni mwa nyumba miaka mingi baada ya nyumba kujengwa. Ina taa tatu za futi nne, zilizokuwa za wati 36 zenye choki na stata, soketi moja ukutani, na swichi mbili za kuwashia huku na kuzimia kule: moja mlango wa gereji, nyingine mlango wa jikoni. Mtu wa kwanza aliyefunga LED za wati 18 aliondoa choki na stata, na hapo alifanya sawa. Lakini taa mbili zikawa hazizimiki vizuri, na ya tatu kila ikipachikwa breka inaanguka.

Fundi alianza na hiyo ya tatu, maana breka inayoanguka papo hapo ni shoti na shoti haisubiri. Jibu lilipatikana haraka. Tyubu za LED za futi nne zinafanana kwa umbo, ila ndani zipo za namna mbili. Kuna zinazopokea moto na nyutro kwenye pini mbili za upande mmoja, upande wa pili ukiwa wa kushikilia tu. Kuna nyingine zinazopokea moto upande huu na nyutro upande ule, na pini mbili za kila upande zimeunganishwa ndani kwa ndani. Fremu zote tatu zilikuwa zimefungwa kwa namna ya kwanza, na tyubu ya tatu, iliyonunuliwa duka lingine, ilikuwa ya namna ya pili. Moto na nyutro vikakutana kupitia pini zake. Fundi aliweka mita kwenye kipimo cha ukinzani, akagusa pini mbili za upande mmoja, mita ikasoma sifuri. Mchoro uliobandikwa kwenye ubavu wa tyubu ulikuwa unasema hivyo hivyo tangu dukani. Badala ya kuifungia tyubu ile fremu yake ya peke yake, aliagiza inayofanana na wenzake. Nakubaliana naye kabisa: gereji yenye fremu za namna mbili ni mtego kwa mtu atakayepanda ngazi baada ya miaka mitano.

Mng'ao ndio uliochukua muda, na ndipo ujuzi wake ulipoonekana. Mwenye nyumba alitaka kumzimia swichi ili apande. Fundi akamzuia: "Mama, hiyo swichi siiamini bado. Nizimie kule kwenye meni." Tyubu ikatolewa, meni ikarudishwa, swichi ikiwa bado imezimwa. Akapima kati ya kila ncha ya fremu na ethi. Ncha moja ilisoma volti 230. Yaani kwa miaka yote, kila aliyezima swichi na kushika fremu ile alikuwa anashika mahali penye moto kamili.

Fundi mwenye haraka angehitimisha kwamba swichi imefungwa kwenye nyutro, akafungua swichi zote mbili na kuanza kukata nyaya. Huyu alishuka ngazi akaenda kwenye soketi. Kwenye soketi zetu za pini tatu, ukiitazama kwa mbele, tundu la kulia ndilo la moto. Lake lilisoma karibu sifuri kwa ethi, na la kushoto likasoma 230. Akaenda jikoni akapima soketi ya huko, ikawa sawa. Kwa vipimo hivyo vichache eneo la kosa likawa limebanwa: si kwenye taa, si kwenye swichi, bali mahali fulani kabla taa na soketi za gereji hazijagawana njia. Mahali hapo palikuwa pamoja tu, jankshen boksi la ukuta wa nje ambamo kebo ya gereji iliungwa.

Ndani ya boksi, nyaya za nyumba zilikuwa nyekundu na nyeusi, za gereji kahawia na bluu. Uingereza, ambayo taratibu zake za wayaringi tulizirithi, iliachana na nyekundu na nyeusi, na tangu Aprili 2006 kazi mpya kule zinatakiwa kutumia kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro. Nyumba zetu nyingi zina rangi za zamani na mpya chini ya paa moja. Katika boksi hili nyeusi iliungwa na kahawia, nyekundu na bluu. Inaelekea aliyeunga alilinganisha rangi nzito na nzito. Gereji nzima ikawa imegeuzwa. Madhara yake hayaishii kwenye taa: fyuzi ya plagi hukaa upande wa moto, kwa hiyo kwenye soketi iliyogeuzwa fyuzi inakuwa kwenye nyutro. Ikiungua, dirili inazima huku moto bado umo ndani yake.

Kwa nini tyubu za zamani hazikusema kitu? Tyubu ya floresenti haiwaki mpaka choki na stata viipige msukumo wa mamia ya volti. Umeme mdogo unaovuja hauitikisi. LED haihitaji msukumo huo. Nyaya mbili zinazolala sambamba ni kapasita bila mtu kukusudia, kwa kadirio la pikofaradi 100 kila mita. Mita 15 zinakupa nanofaradi 1.5, na kwa volti 230 na hezi 50 hapo panapita takriban miliampia 0.1. Ni kidogo mno kwa taa ya zamani, lakini LED inakiona: aidha inang'aa kidogo mfululizo, au inakikusanya kwenye kapasita ya ndani mpaka kinatosha, inapepesa, kisha inaanza upya. Na nyutro inapokatwa badala ya moto, mgongo wa alumini wa tyubu uliolala kwenye fremu yenye ethi unakuwa njia nyingine ya kuvujia.

Umeme huo mdogo ndio pia uliomdanganya mtu wa kwanza. Testa ya bisibisi ilimwakia ncha zote mbili za fremu, akasema umeme unarudi. Testa huwaka kwa kitu kidogo sana, na hata mita ya dijitali iliweza kusoma makumi ya volti kati ya ncha hizo wakati swichi imezimwa. Fundi alipachika balbu ya zamani ya nyuzi kati ya ncha hizo hizo. Usomaji ukaporomoka hadi sifuri, balbu isiwake. Volti zilizoporomoka namna hiyo hazikuwa na nguvu nyuma yake.

Baada ya kugeuza maungio ndani ya boksi, mng'ao ulipungua sana lakini haukuisha. Sasa uliobaki ulikuwa halali: kebo inayokwenda swichi ya jikoni na kurudi, nyaya zake zikiwa bega kwa bega. Hapo ndipo alipofunga kapasita ya mikrofaradi 0.1, ya daraja la X2, pamoja na rezista ya omu 100, sambamba na taa. Volti za kuvuja zinashuka hadi chini ya 4, na taa inazimika.

Kifaa hicho kinauzwa madukani kama dawa ya tatizo hili, na wengi hukifunga kwanza. Kingefungwa kwanza pale Tanga, mng'ao ungeisha na moto ungebaki kwenye fremu zilizozimwa. Hilo linanitia wasiwasi kwa kuwa kazi hizi zitaongezeka: nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kukomesha tyubu za floresenti ifikapo 2027.

Kabla ya kufunga boksi, fundi alifuata kebo nyingine iliyoungwa humo, inayokwenda taa ya getini. Nayo ilikuwa imegeuzwa kwa rangi zile zile. Haikuwa na dalili yoyote, kwa sababu getini bado palikuwa na balbu ya nyuzi.