Msongo, Saa na Maradhi: Uhakiki wa Istilahi Tatu

Istilahi ikikosewa katika somo la hesabu, mwanafunzi hupoteza alama; ikikosewa katika utabibu, mgonjwa hupewa ushauri usiomfaa. Makala hii yakusudia kuhakiki istilahi tatu zinazotumika katika maandishi ya afya, nazo ni "msongo wa mawazo", "mzunguko wa saa 24" na "saa ya mwili". Kipimo chetu ni kazi ya mtaalamu mmoja aliyezigusa dhana zote hizo, yaani Curt Richter wa Marekani.

Richter alizaliwa Denver mwaka 1894, akafariki mwaka 1988. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1919, na kwa zaidi ya nusu karne alifanya utafiti katika maabara ya kliniki ya maradhi ya akili ya Phipps, mjini Baltimore. Chombo chake mashuhuri kilikuwa tundu la panya lenye gurudumu, ambalo mizunguko yake ilihesabiwa usiku na mchana.

Tuanze na "msongo wa mawazo". Neno "msongo", kutokana na kitenzi "songa", ni zuri. Kosa limo katika hilo neno "mawazo". Mwaka 1936 Hans Selye, huko Montreal, alionyesha kwamba panya waliotiwa katika baridi kali, waliojeruhiwa au waliochoshwa kupita kiasi walipata dalili zile zile za mwili. Baridi si wazo. Naye Richter, katika makala yake ya mwaka 1957, alieleza kwamba panya-mwitu wengi waliotumbukizwa majini walikufa baada ya dakika chache, mapigo ya moyo yakipungua badala ya kuongezeka; lakini wale waliokwisha kutumbukizwa na kuokolewa mara kadhaa waliogelea kwa saa nyingi. Maji yalikuwa yale yale, matokeo mbalimbali. Ni dhahiri, basi, kwamba twahitaji maneno mawili: "kichocheo cha msongo" kwa jambo linalomsibu kiumbe, na "msongo" pekee kwa hali inayompata. "Msongo wa mawazo" ubaki kuwa aina moja tu ya msongo.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mlinzi wa usiku au mwuguzi wa zamu anayelalamika kwamba halali, akiambiwa "punguza mawazo", hulaumiwa nafsi yake kwa jambo ambalo huenda linatokana na ratiba ya kazi.

Istilahi ya pili, "mzunguko wa saa 24", yaelekea kuwa sahihi, kumbe yaufuta ugunduzi wenyewe. Panya waliopofushwa na Richter waliendelea kuamka na kupumzika kwa utaratibu, lakini vipindi vyao vilipishana kidogo na saa 24. Upungufu au ziada hiyo ndiyo ushahidi kwamba utaratibu hutoka ndani ya mwili, wala hauletwi na jua. Ndiyo sababu Franz Halberg, alipobuni jina la kitaalamu mwaka 1959, alichukua maneno ya Kilatini yenye maana ya "takriban siku". Wako watakaopenda "mzunguko wa kucha na kutwa", kwa kuwa una ladha ya Kiswahili. Lakini kucha na kutwa ni mambo ya jua, na panya kipofu halioni jua. Tunapendekeza "mzunguko wa kadiri ya siku".

Istilahi ya tatu, "saa ya mwili", yafuata jina la kitabu cha Richter cha mwaka 1965 kuhusu saa za kibiolojia katika utabibu na maradhi ya akili. Kwetu neno "saa" ni chombo, tena ni muda wa dakika 60, tena ni wakati unaohesabiwa tangu mapambazuko. Mfasiri na aandike "saa ya ndani ya mwili", na aeleze mara ya kwanza kwamba anakusudia chombo.

Katika kitabu hicho Richter alijadili wagonjwa ambao dalili zao zilikuja na kuondoka kwa vipindi vinavyohesabika. Kiswahili kinayo "homa ya vipindi". Hapana shaka "maradhi ya akili ya vipindi" yataeleweka, tena hayana tusi lililomo katika "kichaa". Hata hivyo, Richter alipodai kwamba mshtuko mkubwa huweza kuzilinganisha saa nyingi ndogo za mwili na hivyo kuleta maradhi hayo, alikuwa akitoa nadharia-tete. Mfasiri anayeandika "Richter alithibitisha" humwongezea mwandishi asilolisema.

Istilahi hizi zisikubaliwe kwa utamu wa matamshi peke yake. Kila moja iulizwe kwanza: je, yule panya wa Baltimore angeenea ndani yake?