Methali katika Insha na Mila ya Kujibizana

Walimu wengi wa shule za sekondari hudhani wamekwisha kuingiza mila katika somo la Insha pindi wamwagizapo mwanafunzi atunge kisa cha kudhihirisha methali. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, ulioanza 1989, swali la namna hii limezoeleka mno. Matokeo yake twayajua sote: kisa hupindwa hadi kiifuate methali, na mtoto mkaidi huangamia katika aya ya mwisho. Hapo mila imekuwa pambo tu, na mwandishi hana anayesema naye ila msahihishaji.

Ngonjera nazo hazikuliponya jambo hili. Marehemu Mathias Mnyampala (1917–1969) alizieneza kwa nia njema, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilisikika sana katika shule za Tanzania. Lakini humo mshindi hujulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Asiyejua huelimishwa, akakiri, wakapatana. Ni mchezo mzuri wa jukwaani, basi.

Malumbano ya zamani yalikuwa na makali mengine. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana na washairi wa Lamu katika karne ya 19, hapakuwa na aliyemdhaminia ushindi. Tena, katika mila hiyo mwenye kujibu aghalabu hufuata bahari na vina vya mwenziwe. Kwa hiyo hana budi kuusoma utungo wa mpinzani neno kwa neno kabla hajashika kalamu. Hilo ndilo lipungualo katika insha za hoja za wanafunzi wetu: wanampinga mtu ambaye hawakumsikiliza.

Yafaa, basi, kila mwanafunzi apewe insha ya mwenziwe aijibu, kwa sharti kwamba kwanza aeleze hoja ya huyo kwa namna ambayo mwenyewe ataikiri. Wasiolelewa katika ushairi wa pwani waanzie kwenye vitendawili, ambamo aliyeshindwa hudaiwa mji. Huko nako hakuna neno lisilongoja jibu.

Itasemwa kwamba darasa la wanafunzi sitini halina nafasi ya hayo. Naona kinyume: madaftari sitini humlemea mwalimu kwa kuwa yeye ndiye msomaji wa pekee. Kuhusu matusi yaliyofichwa katika mafumbo, hayo yabaki nje ya shule. Alama nazo zigawanywe: nusu kwa hoja ya mwanafunzi, nusu kwa uaminifu wake katika kuieleza ya mwenziwe.